Turubai Juu ya Ukuta

Kuna watu ambao wakipita mtaani asubuhi wanaulizwa habari za kuamka. Muharami aliulizwa nani amekufa.

Hakuwa mchimba kaburi, hakuwa mganga, wala hakuwa na sura ya mkosi, ingawa kuhusu hilo la sura mke wake Sihaba alikuwa na maoni yake. Alikuwa fundi wa turubai, basi. Alianza kwa kushona viti vya magari kule Nyegezi karibu na stendi, akapanda cheo hadi maturubai ya malori ya pamba, na huenda angeishia hapo kwa heshima zake kama jirani yake mmoja pale Ilemela asingefiwa na baba siku ya mvua kubwa. Muharami, kwa wema wake, akachukua turubai la lori na mabomba manne ya chuma akawafungia wafiwa kivuli uani. Watu walilisifia turubai kuliko walivyomsifia marehemu. Tangu siku hiyo hakuna msiba uliokamilika pale mtaani bila yeye, na shukrani waliyompa ilikuwa jina. Wakamwita Matanga.

Watoto wenye adabu walimpigia magoti na kusema, "Shikamoo, Baba Matanga," na adabu hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Harusini alikalishwa karibu na geti, mbali na maharusi. Siku moja alikwenda kumjulia hali rafiki yake aliyelazwa kwa malaria. Rafiki akageukia ukutani na kuuliza ni nani aliyemtuma.

Kwa hiyo Bwana Nestory alipomwita na kumwambia anataka ashonewe paa la boti, Muharami alijisikia kama mtu anayefunguliwa kamba mikononi.

Bwana Nestory aliuza saruji na mabati, na alikuwa amenunua boti ya starehe kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kuogelea hakujua. Akipanda kivuko kwenda Kamanga kumtembelea mdogo wake, alikaa ndani ya gari na kupandisha vioo, labda ili ziwa lisimtambue. Lakini boti alikuwa nayo, imekaa juu ya trela nyuma ya nyumba, kando ya banda la kuku. Kwa kuogopa macho ya watu aliileta ikiwa imefunikwa magunia, akawaambia majirani ni tangi la maji, kisha akaongeza matofali kwenye ukuta. Jumapili mbili mfululizo hakuonekana kanisani. Alikuwa amekaa ndani ya tangi lake la maji, kavaa kofia ya nahodha, anakunywa soda na kuwatazama kuku.

"Jua linanichoma humu," alimwambia Muharami. "Nataka paa la kivuli, la kukunja na kukunjua. Halafu nataka koti la kuifunika boti nzima ikiwa imelala. Rangi ya bluu."

"Bluu ipi, bosi? Kuna bluu ya ziwa na bluu ya sare za shule."

"Bluu ya kitajiri."

Muharami alisema anayo.

"Likikaa vizuri," Bwana Nestory akaendelea, "nakupeleka mwenyewe ufukweni kwa wenye boti wenzangu. Mambo ya misiba utayasahau." Wenye boti wenzangu, alisema, mtu ambaye safari ndefu kuliko zote ya boti yake ilikuwa kutoka getini hadi kwa kuku.

Muharami hakuyaona hayo. Aliona jina jipya. Siku ileile alikwenda kwa mchoraji akaandikisha kibao: FUNDI MUHARAMI, MAPAA NA MAKOTI YA BOTI. Akakisukuma chini ya kitanda kisubiri.

"Baba Maulida," Sihaba alimwambia, "kibao kinafungiwa ndani kama mwali. Kitatolewa lini?"

"Siku paa likikaa."

"Na lisipokaa?"

"Turubai langu halijawahi kulalamikiwa."

"Hilo ni kweli. Katika wenye shughuli wako wote, hakuna hata mmoja aliyewahi kuamka akalalamika."

Muharami akaendelea kushona. Alishona kama mtu anayeshona shela la binti yake. Turubai la msibani likipinda kidogo hakuna anayeangalia juu, watu wana mambo yao ya kulia. Paa la boti ni jambo lingine. Linavutwa juu ya fremu ya mabomba membamba yanayokunjika kama miguu ya panzi, na likiwa na kunyanzi moja tu, upepo wa ziwa unaingia hapo na kuanza kulipiga makofi hadi lichanike. Alipima mara tatu, akiwa amevua viatu kwa sababu bosi alisema viatu vitaikwaruza boti, boti ambayo kuku walikuwa wanailalia.

Siku ya kufunga ikafika. Alipanga mabomba na lile robota la bluu juu ya guta, akaanza kulisukuma mapema, kabla jua halijapanda na kulilegeza turubai. Njiani wanaume wawili walivua kofia. Mama muuza vitumbua alizima redio. Muharami aliyazoea hayo, akawapungia mkono kwa furaha, na hiyo furaha ikawatia watu wasiwasi zaidi. Mtaa mzima ukamtazama akipinda kona na kuingia geti la Bwana Nestory, na geti likafungwa.

Bwana Nestory, ambaye kanisani hakuonekana Jumapili mbili.

Baada ya muda mfupi, juu ya ukuta ule mrefu, kitu cha bluu kikaanza kuinuka taratibu. Mabomba kwanza, kisha turubai, likajitandaza. Aliyekuwa na shaka, shaka ikamwisha.

Muharami wakati huo yuko juu ya boti, ana furaha yake. Kulifunga paa kunataka vishikizo vidogo vya chuma, vile vya kubana pwa, na unaanza katikati ukielekea pembeni. Ukianzia pembeni, turubai linafanya uso wa mtu aliyeonja limao. Mkono mmoja unavuta, mwingine unabana. Mkono wa tatu wa kushika vishikizo hakupewa na Mungu, kwa hiyo alivijaza mdomoni. Ndipo geti likafunguka, akaingia bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani.

"Pore sana, baba," bibi akasema, kwa Kiswahili chake cha Kisukuma. "Pore. Mungu ndiye anayejua."

Muharami akataka kumweleza. "Mmm," alisema. "Mmm-mmm, mmm."

Bibi akatua kuni chini. Akawageukia wenzake waliokuwa wanamfuata na masufuria. "Fundi mwenyewe analia," akawaambia. "Ameshazika wangapi huyu, hajawahi kulia. Basi aliyekufa ni mtu mzito."

Wakati Muharami anavitema vishikizo mkononi kimoja kimoja, maana vikianguka ndani ya boti havionekani tena, moto ulikuwa umeshawashwa kando ya banda la kuku, na wanaume wameshapanga viti vya plastiki. Kwaya nayo ikaingia, ikasimama chini ya paa la bluu, ikaanza wimbo wa pole pole.

"Hakuna msiba," Muharami akasema kutoka juu.

Mwanaume mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. "Uchungu huo," akasema. "Mwacheni."

Mzee Malimi, balozi wa mtaa, alifika akiwa na suti yake ya Kaunda, ile ambayo kuivaa kwake kulikuwa tangazo rasmi la kifo. Alikuwa anatafuta pa kukaa wakati mlango wa nyuma ulipofunguka na marehemu akatoka, kajifunga taulo, ana povu la sabuni sikioni.

Kwaya ilikatikia katikati ya neno.

"Kumbe ni mama," mtu akanong'ona, na akina mama wakaanza upya, safari hii wakimlilia Mama Obedi, mke wa Bwana Nestory, ambaye jina lake ni Hellen. Naye Hellen akatokea nyuma ya mume wake, mikono imejaa unga wa chapati.

"Kumbe si mama," akasema yuleyule.

Sasa hapo ndipo lingekwisha, kama watu wangekuwa watu wa kuuliza. Lakini Mzee Malimi alikuwa mtu wa desturi, na akili yake ikafanya kazi haraka: wenye nyumba wote wawili wako hai, wanashangaa, basi ina maana hawajaambiwa. Na habari ya kifo haitupwi tu usoni kwa mtu. Anasubiriwa ndugu. Akamshika Bwana Nestory begani.

"Baba Obedi, kaa kwanza."

"Kuna nini, mzee?"

"Kaa. Mleteeni maji anywe."

Mtu yeyote aliyekulia huku anajua maana ya kuambiwa kaa unywe maji. Bwana Nestory akakalia ndoo. Hellen hakusubiri maji. Alijitupa chini akimlilia mama yake mzazi, ambaye wakati huo alikuwa nyumbani kwake Magu anapepeta mchele. Bwana Nestory akakumbuka mdogo wake Yakobo. Akapiga simu. Simu ikamjibu kwamba mteja hapatikani.

"Yakobo," akasema. "Mdogo wangu Yakobo." Akalia ndani ya taulo.

Watu nao wakafarijika kidogo, kwa sababu sasa angalau walijua wanamlilia nani.

Muharami alibaki amesimama juu ya boti, chini ya paa lililonyooka bila kunyanzi hata moja, paa zuri kuliko yote aliyowahi kushona, na chini yake msiba unakwenda vizuri kabisa. Hakuna aliyeangalia juu. Alifikiri kushuka aelezee, lakini akamwona Sihaba anaingia getini, kanga kiunoni, sufuria mkononi. Sihaba akalitazama turubai, akamtazama mume wake, akaelewa yote kwa mara moja. Aliketi na akina mama, akaanza kuchambua mchele.

"Mama Maulida," Muharami akamwita kwa sauti ya chini. "Waambie."

"Niwaambie nini? Fundi wewe. Limekaa vizuri."

Jua lilikuwa limepanda wakati geti lilipofunguliwa kwa kishindo, akaingia Yakobo mwenyewe, moja kwa moja kutoka kwenye kivuko, mikono kichwani, analia kwa sauti. Akamkuta kaka yake juu ya ndoo, naye analia. Wote wawili wakanyamaza.

"Si umekufa wewe?" Yakobo akauliza.

"Wewe ndiye umekufa," Bwana Nestory akasema. "Simu yako haipatikani."

"Chaji iliisha kwenye kivuko. Nilipigiwa kule Kamanga nikaambiwa njoo haraka, Matanga ameingia kwa kaka yako na turubai."

Vichwa vyote vikageuka, taratibu, vikapanda juu kwenye boti.

"Muharami," Mzee Malimi akasema. "Shuka. Amekufa nani?"

"Hakuna, mzee wangu. Hii ni boti."

"Boti."

"Ya Baba Obedi. Nilikuwa namfungia paa la kivuli."

"Tuliambiwa tangi ra maji," akasema yule bibi wa kuni.

Sasa macho yakashuka kwa Bwana Nestory, akalikaza taulo. Mzee Malimi alitembea kuizunguka boti yote, akagonga ubavu wake kwa kidole, akapima kwa macho umbali wa kutoka bandani mpaka ziwani.

"Inaingia majini lini?"

"Mungu akipenda," Bwana Nestory akasema.

"Na Jumapili mbili ulikuwa wapi?"

Kofia ya nahodha iliyokuwa imetundikwa kwenye usukani ikajibu kwa niaba yake.

Wali ulikuwa umeshaiva. Watu hawakuja na kuni zao ili warudi nazo, kwa hiyo wakala, wale wazee wakipewa nafasi ndani ya boti, kivulini. Mzee Malimi aliangalia juu, akapapasa mshono, na kutoa hukumu: "Kwa msiba usiokuwa na maiti, sijawahi kuona turubai lililokaa namna hii." Muharami alilipokea hilo kama lilivyokuja.

Baada ya aibu ile, Bwana Nestory hakuwa na la kufanya ila kuipeleka boti ziwani. Tangi la maji lilikuwa limekwisha kumwagika. Ubavuni aliandika jina, HELLEN, kwa herufi za dhahabu. Alijisumbua. Ufukweni hakuna aliyelisoma.

"Marehemu katoka?" wanaulizana vijana wa pale.

"Marehemu kaenda kisiwani Saanane, anarudi jioni."

"Mafuta anayo?"

"Marehemu ana kila kitu, bosi wake tu ndiye kavaa maboya mawili."

Bwana Nestory, tumsifu kwa hili, alitimiza ahadi. Alimchukua Muharami akamsimamisha mbele ya wenye boti wenzake. Mmoja wao, mwenye boti kubwa ambayo paa lake lilikuwa linapepea kama nguo kwenye kamba, akamsogelea.

"Wewe ndiye Fundi Muharami?"

Muharami akanyoosha mgongo. Fundi Muharami. Miaka yote hiyo alikuwa hajalisikia kwa mtu mzima. "Ndiye mimi."

"Yule aliyemshonea Marehemu?"

Muharami akaitazama boti ikiyumba pale majini. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo, na paa la bluu limetulia tuli, halitikisiki hata ukingoni.

"Ndiye," akasema.

Alirudi nyumbani akiwa na kazi ya boti mbili. Sihaba alikuwa ameshakitoa kibao chini ya kitanda, amekifuta vumbi, amekiegemeza mlangoni. Muharami alikuwa anapigilia msumari wa mwisho wakati watoto wanaotoka shule waliposimama kukisoma. Walikisoma chote, kwa sauti, kama walivyofundishwa. Kisha wakapiga magoti.

"Shikamoo, Baba Marehemu."

Sihaba akaingia ndani haraka, na kicheko chake kikasikika mpaka jikoni. Muharami alitazama nyundo, akatazama kibao.

"Marahaba," akasema. Angalau Matanga alikuwa amekufa, na hakuna aliyekuja kumwomba amfungie turubai.