Kabari Mbili Mgongoni mwa Gita

Gita ninalo mpaka leo, hapa Machochwe, limening'inia ukutani bila nyuzi. Anayedhani ninatunga aje alishike. Nimesoma hadi kidato cha nne na sikuwahi kujali habari za mizimu. Nakueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Miaka ile ya dhahabu nilipiga solo kwenye baa moja ya mabati, machimboni upande wa Tarime. Gita nililetewa na shangazi kutoka ng'ambo ya Sirari. Lilikuwa zuri, ila lilikuwa na ugonjwa mmoja: briji yake, kile chuma kinachoshika nyuzi, haikukaa juu ya mbao. Ilielea. Huku inavutwa na nyuzi, huku inavutwa na springi za mgongoni, na uzi mmoja ukikatika, zote zilizobaki zinaharibika sauti papo hapo. Unawajua wachimbaji wakishalewa? Walinizomea mpaka mwenye baa akaniambia likijirudia tena nitafute pengine pa kulala.

Dawa niliijua. Unafungua mgongo wa gita, unabana vipande vya mti mgumu pande zote mbili za chuma, briji inatulia. Nikamwuliza Mwita, mtoto wa mama yangu mkubwa, aliyekuwa na duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, nyuma ya baa, nitapata wapi mti mgumu.

"Mura, pori lote hilo hulioni?" akacheka. "Kata popote. Matimba yangu tu usiyaguse, hata ukininunulia bia."

Matimba ni magogo yanayozuia udongo usiporomoke ndani ya duara. Hukazwa kwa kabari, vipande vya mti mkavu. Jioni ile mawingu yalikuwa yamefunga, pori lilikuwa mbali, na Mwita alikuwa bado hajaingia zamu. Kabari moja ya mdomoni mwa duara ilikuwa imejitokeza nje, ndogo kama kiberiti. Kitu kidogo vile kingefanya nini? Niliigonga ikatoka. Nikaipasua katikati, nikabana gita. Nikakata uzi mmoja makusudi kujaribu, na zilizobaki hazikuyumba. Nilifurahi kama mtoto.

Mvua ikashuka. Nilikuwa stoo nafunga uzi mpya, nikaona mtu ameketi kwenye kreti. Mlango sikuusikia. Alikuwa mtu mzima, mfupi, shati limefungwa vifungo kombo. Nilidhani amejikinga mvua. Lakini niamini: nje maji yanamwagika, na nywele zake zilikuwa zinadondosha vumbi jekundu, kavu.

"Shikamoo, tata," nikasema.

Hakuitikia. "Hilo umelibana na nini?"

"Kamti tu."

Akapitisha kidole kwenye nyuzi zote. Hazikutoa sauti. Hata ule mkwaruzo wa ngozi haukuwapo.

"Limekaa," akasema. "Sasa la kwetu ndilo linaelea. Mtoto wa mama yako mkubwa ameshashuka, mura. Rudisha."

Niliinama kutazama gita. Nilipoinua macho, kreti lilikuwa tupu, na juu yake kuna vumbi.

Usiniulize kama nilielewa. Nilielewa. Lakini kurudisha kulitaka nilegeze nyuzi zote na kufungua mgongo, na baa ilikuwa imejaa, wananiita. Hata kwenda kumpigia Mwita kelele atoke kusingenichukua muda. Nikajiambia, wimbo mmoja tu, wasinizomee, halafu nitakimbia.

Gita lile halijawahi kulia vizuri vile. Katikati ya wimbo nyuzi zote sita zikashuka pamoja, polepole, kama mtu anayekata roho. Kabari zilikuwa pale pale, hazijalegea. Kisha ardhi ikatikisika chini ya miguu yangu.

Tulimtoa Mwita asubuhi, ameshapoa. Niliwaeleza wachimbaji wa zamani juu ya lile shati la vifungo kombo. Mmoja akasema: huyo alifukiwa msimu uliotangulia, akisimika matimba hayo hayo.

Mama mkubwa nilimwambia kila kitu, sikumficha. Hakunitukana. Ila hakuniita mwanangu tena, mpaka anaingia kaburini.

Nyuzi nilizitoa. Lakini mvua ikinyesha jioni, nasikia pale ukutani sauti zote sita zikishuka pamoja, na asubuhi nafagia vumbi jekundu sakafuni. Udongo wa shamba langu ni mweusi.

Wewe unayepiga gita, ukitaka kutuliza briji, nenda kwa seremala akukatie mti. Na mtu mwenye vumbi kavu siku ya mvua akikuambia rudisha, inuka hapo hapo. Usimalize wimbo.