Upande wa Pili wa Kanda

Mama Cherehani, kama mtaa ulivyomwita, alishona miaka yote akisikiliza kanda kwenye redio kubwa ya sebuleni. Upande mmoja ukiisha, aliinuka kuigeuza kanda, akanyoosha mgongo, akanywa maji, akarudi kwenye mashine.

Jumamosi moja bintiye alikuja na kidude kidogo, akakichomeka nyuma ya redio na kukiunganisha na intaneti ya nyumbani. Kanda akazifungia kwenye boksi.

"Mama, wewe chagua tu wimbo kwenye simu, utausikia kwenye spika."

Mama alichagua, spika zikaitika, akafurahi kama mtoto. Akakaa kushona. Wimbo ukafuata wimbo, gauni likafuata gauni. Binti aliporudi jioni alimkuta kashika meza, kiuno kimekaza, hawezi kusimama wala kukaa.

"Mama! Mbona hukupumzika?"

"Ningepumzika saa ngapi, na hilo lidude lako halimalizi upande?"

Binti akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama hakucheka.

"Nirudishie kanda zangu," alisema. "Muziki usiokwisha ni wa watu wasio na mgongo."