Nilichagua Ndege kwa Kuhesabu Viti

Ngoja nijitukane mwenyewe, kabla ninyi hamjaanza: mimi ni mpumbavu wa kiwango cha kimataifa, na diploma ninayo!

Niliipata kwa masomo ya jioni, hapa hapa Kamina. Wiki ile nilitembea kifua mbele mpaka pikipiki zikawa zinanipisha. Kwa hiyo komite yetu ya afya ilipotaka kukodi ndege ndogo ya kuchukua wagonjwa kwenye kisiwa kimoja cha mbali, ziwani, mbele kabisa ya Malemba-Nkulu, nani achague? Katibu wao, msomi!

Ndege zilikuwa mbili. Moja kuukuu, mabawa juu, injini moja, magurudumu manene kama maboga, viti vinne. Nyingine nyeupe, injini mbili, viti sita vya ngozi. Ile kuukuu niliicheka mpaka machozi.

Fundi mmoja, mzee aliyezeekea kwenye uwanja wa ndege wa Base, kambi ya jeshi, akanivuta pembeni.

"Papa katibu, ile nyeupe iko nazito. Kule kisiwani mafuta hakuna, unabeba ya kuenda na ya kurudia. Na ule uwanja iko mufupi, iko muchanga tupu."

"Weye ulisoma wapi?" Sikumwita hata Papa, heshima yetu kwa mzee!

"Kwa ndege," akajibu.

Komite nzima ikaangua kicheko. Mimi ni mtoto wa reli, jamani: kwetu mzigo ukizidi, unafunga behewa lingine nyuma, treni inaenda. Nikapaza sauti: "Injini mbili, mzee! Hii inabeba hata kanisa!" Shenzi mimi!

Mgonjwa wa kwanza akawa Mama Mudogo, mdogo wake marehemu mama, aliyenilea, na aliyekuwa akiishi kule kisiwani. Mwiba wa samaki ulimchoma mguu, ukavimba, ukaanza kuoza. Nikapanda ndege mwenyewe kumfuata, nimevaa tai.

Tulipofika juu ya kisiwa, mvua ilikuwa imelowesha mchanga. Rubani akazunguka mara moja, mara mbili.

"Shuka basi!" nikamwambia.

"Na uzito huu wa mafuta? Tutazama, hatutatoka tena. Nikiyapunguza, Kamina hatufiki."

Dirishani nilimwona. Walikuwa wamemlaza kwenye kitanda kando ya uwanja, watu wanapunga vitenge. Tukageuza, tukarudi. Ee Mungu wangu!

Walimleta kwa mtumbwi, halafu kwa baiskeli, siku nne. Alipofika hospitali, mguu ulikatwa juu ya goti.

Nilipoingia kumsalimu, aliniuliza:

"Mwanangu, njo weye ulikuwa unazunguka pale juu sawa inzi?"

"Njo minyi, Mama," nikakiri.

Akageukia ukuta.

Sasa ninyi wa komite, wenye kalamu mfukoni, nisikieni! Ndege ya visiwani haichaguliwi kwa rangi. Uliza uwanja una urefu gani, mchanga wake ukilowa unakuwaje, na mafuta ya kurudia yatakaa wapi. Muulize mwenye mikono myeusi kwa grisi, umwite Papa, umpe kiti. Akishasema, funga mdomo. Ukiufungua kama mimi, kuna mtu wako atakayejifunza kutembea upya kwa fimbo mbili.