Mvuke Juu ya Chuma Chekundu

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya wasichana karibu na Mogogosiek. Jirani yangu alikuwa mzee aliyewasha boila, tanuri la mvuke, kiwandani, kule majani chai yanakokaushwa. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akazeekea mbele ya moto wa kuni. Jumapili moja baada ya kanisa alinionyesha kipande cha gazeti alichofungiwa sukari. Kilisema kuna nchi zinazotengeneza petroli kwa makaa ya mawe na maji, na kwamba kazi yenyewe huanza kwa kutoa gesi ya haidrojeni na kuisafisha.

"Mwalimu, maji huzima moto," akasema. "Sasa yatatoa petroli namna gani?"

Nikamweleza kwamba haidrojeni imo ndani ya maji. Mvuke ukipita juu ya chuma chekundu, chuma hunyakua oksijeni, haidrojeni ikabaki peke yake.

"Wewe umeiona?"

Miaka minne nilikuwa nikiifundisha ubaoni, nikichora mishale. Nikakiri sijawahi kuiona.

"Basi chuma mimi ninacho," akasema.

Jumamosi iliyofuata alifika maabara na kipande cha bomba la boila lililotupwa, pamoja na mfuko wa vipande vyembamba vya chuma vilivyoanguka chini ya mashine ya kukereza. Tukavijaza ndani ya bomba, tukaliweka juu ya jiko la makaa, yeye akipepea. Mvuke ulitoka kwenye birika upande mmoja. Upande wa pili mrija wa mpira ulipeleka gesi ndani ya beseni la maji, chini ya chupa iliyopinduliwa. Mapovu yakaanza kupanda. Nilisahau kabisa kwamba mimi ndiye mwalimu, nilipiga makofi.

Lakini tulipoiwasha gesi ile, ilitoa mwali wa manjano na moshi wenye harufu ya taa ya koroboi. Haidrojeni safi haiwaki hivyo, nikavunjika moyo. Nikaondoa jiko ili tumalize. Hapo hapo maji ya beseni yakapanda kwenye mpira, yakaingia bomba la moto, na mpira ukaruka hadi dirishani kwa mlio uliotushtua sote wawili. Hakuna aliyeumia.

"Pole, Mwalimu," mzee akasema, akiokota mpira. "Mvuke ukipoa hujikunja, ukavuta chochote kilicho karibu. Boila pia iko hivyo. Toa mpira kwenye maji kwanza, ndio uondoe moto."

Kitabu changu hakikuwa na neno hilo. Kisha akanusa vile vyuma. "Na hii harufu si ya gesi yako. Ni mafuta ya mashine."

Alivipeleka nyumbani. Yeye na mkewe walivifua kwa sabuni ya unga mara tatu, wakavikaanga kwenye bati mpaka moshi ukaisha. Tuliporudia, tulimwaga gesi ya chupa ya kwanza na ya pili kwa sababu ilikuwa imechanganyika na hewa. Kabla ya kumwaga ya pili niliijaribu kidogo kwa kiberiti: ikalia kama mbwa mdogo. Gesi ya chupa ya tatu ikawaka kimya, kwa mwali hafifu ambao hatukuuona mpaka tulipofunga mapazia. Nikashika sufuria baridi juu yake. Chini ya sufuria kukatokea umande.

Mzee alipitisha kidole, akautazama. "Maji yamerudi."

"Yamerudi," nikasema.

Akageukia jiko. "Na makaa tumemaliza karai nzima. Hao wenye petroli, moto wao wanapata wapi?"

Nilimwandikia mwalimu wangu wa zamani wa chuo, na baada ya wiki kadhaa akanijibu kwa kurasa mbili. Niliipeleka barua kiwandani, nikaisoma kwa sauti kubwa mlangoni pa boila. Ilisema kwamba sehemu kubwa ya makaa yenyewe huchomwa ili kupata moto huo, na kwamba ugumu mwingine ni usafi: salfa ya makaa ikibaki hata kidogo ndani ya gesi huharibu kichocheo, yaani dawa ya chuma inayogeuza gesi kuwa mafuta.

Mzee akatupa gogo ndani, akafunga mlango wa tanuri, akajifuta mikono.

"Na hiyo salfa," akauliza, "wao huifua kwa sabuni gani?"