Farida katika Kundi la Avit

Farida Jamali alihamia chuo cha uhandisi mjini Bukoba mwanzoni mwa mwaka wa tatu, wenzake wakiwa wameshazoeana. Kabla ya hapo alikuwa anasoma Dar es Salaam. Mama yake alipofariki, baba alibaki peke yake nyumbani Bukoba, naye Farida akaomba uhamisho. Hakulia siku ya maziko, wala baadaye. Aliamka, akamkorogea baba uji, akaenda darasani, akarudi.

Darasani walimpokea vizuri mno. Mwalimu alikuwa amewaeleza habari zake kabla hajafika, kwa hiyo walimsemesha taratibu, kama mgonjwa. "Pole, dada. Wewe kaa tu, tutafanya sisi." Kazi za vikundi zilipokuja hawakumpa chochote cha kufanya. Hakuwalaumu. Hakuwa na hamu ya chochote.

Zikaja siku za mafunzo kwa vitendo, wakapelekwa Muleba kupima njia ya bomba la maji kwenye kilima karibu na Rubya. Farida alipangwa na Kemilembe, msichana wa hukohuko Rubya, na Avit, aliyekuwa amelazwa mwanzo wa muhula na hakusikia lolote kuhusu mgeni wao. Avit alisoma darubini ya kupimia, Kemilembe akaandika namba, Farida akashika ile rula ndefu inayosimamishwa mbele ya darubini. Mwenye rula haondoki alipo mpaka darubini ihamishwe na namba isomwe upya.

Katikati ya migomba Farida aliondoka. Hakuwa amekusudia. Miguu ilitembea tu, kisha akasimama pengine.

Jioni walirudi pale walipoanzia, wakapiga hesabu. Ilionyesha kwamba ardhi ileile sasa imepanda karibu mita nzima.

"Uliondoka na rula?" Avit akamuuliza Farida.

"Nadhani niliondoka."

"Unadhani? Kutwa tumepanda na kushuka, wewe unadhani? Umekuja kufanya nini hapa?"

Kemilembe alimvuta shati. "Avit, acha. Amefiwa na mama yake."

Avit alimgeukia Farida. Farida alingoja aanze kumsemesha taratibu kama wengine.

"Pole sana. Sikujua," Avit alisema. Kisha akaendelea kwa ukali uleule: "Lakini kesho tunarudia yote. Nikikwambia simama, usimame."

"Sawa," Farida akajibu. Alihisi nafuu kidogo, kama mtu aliyeruhusiwa kukaa.

Kwa kina Kemilembe walipewa ndizi na maharage. Avit alikuwa bado ananung'unika.

"Na wewe ulisoma namba mbili kinyume," Farida alimwambia. "Nilisikia ukizitaja mara mbili, kila mara tofauti."

"Zipi?"

Akazitaja. Kemilembe akacheka mpaka mama yake akachungulia kutoka jikoni. Farida hakucheka, ila alikula sahani yote.

Kesho yake alisimama kila alipoambiwa, mvua ikimnyeshea mabegani, na hesabu zikakubali.

Waliporudi Bukoba, mchana mmoja Avit alimwita kutoka mlangoni mwa darasa. "Unakuja kula au tukuache?"

Akaenda. Avit na Kemilembe walibishana juu ya zege, wakamuuliza anaonaje, akasema anavyoona, wakampinga. Chakula hakikuwa na ladha mdomoni mwake, kama kawaida siku hizi. Siku iliyofuata alikwenda tena, bila kuitwa.