Diski Mpya ya Mama Mwenye Ploti

Mama mwenye ploti ya vyumba vya kupanga tuliyokaa Kimumu alinunua kamera nne za mitumba kutoka duka moja la mjini lililokuwa likifungwa. Pamoja nazo alipewa DVR, ile mashine ya kurekodi picha, nzito kama tofali na yenye kelele kama ya kinu. Aliiweka sebuleni juu ya kabati la vyombo, akaifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe ili isishike vumbi.

Mashine ilikuwa na shida moja. Ilikumbuka siku tatu tu. Ya nne ikiingia, ilifuta ya kwanza. Uchaguzi ulipokaribia, Mama aliniita.

"Karani, hii kitu inasahau haraka sana. Ile mwaka ya vita, hata wiki haikuisha na kila mtu alikuwa anasema hakuona kitu. Nataka ikae na mambo mwezi mzima."

Singeweza kumkatalia. Nilikuwa nimetoka upande wa ziwa kuja Eldoret kufanya ukarani kwenye ghala la mahindi. Vurugu za baada ya uchaguzi wa mwaka ule ziliponifukuza, nilikaa nyumbani miezi mitatu. Niliporudi, mlango wangu ulikuwa umevunjwa, lakini kitanda, jiko na hata viatu vyangu vilikuwa vimepangwa vizuri ndani ya stoo ya Mama. Hakuniambia alivihamisha vipi, nami sikuuliza.

Basi Jumamosi moja nilikuja na diski mpya na bisibisi. Nilipofungua kifuniko, vumbi lilinipiga usoni, na mjusi mkavu akaanguka kwenye sahani ya mandazi. Mama alisogeza sahani, akamtoa mjusi kwa kijiko, akaniambia nile.

Nikatoa diski ya zamani, nikafunga mpya, nikawasha. Mashine ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima.

"Umeiua," Mama akasema.

"Haijafa, Mama. Ina njaa. Diski hii inakula umeme zaidi."

Nilirudi mjini nikaleta adapta yenye nguvu zaidi. Safari hii ikawaka ikakaa, ikauliza kama ifute kila kitu kwenye diski ili ianze upya. Mama alifunga macho akaomba kwa sauti, kisha akasema, "Bonyeza." Mwezi mzima wa kumbukumbu ukapatikana. Nilimsihi asirudishe kitambaa, kwa sababu mashine nayo inahitaji kupumua. Nikaondoka nikijiona injinia.

Siku kumi na mbili baadaye akaniita tena. Nilidhani imezima. Kumbe alikuwa amejifunza kurudisha picha nyuma.

"Keti, Karani. Tazama."

Kwenye skrini ulionekana mfereji wa maji, wapangaji wamepanga foleni na mitungi. Mbele yao nilikuwa mimi, mkono kiunoni, nikichechemea huku na huku, nikimwiga Mama anavyokuja kukagua nani anamwaga maji. Wapangaji walikuwa wamejishika mbavu. Tarehe ilionyesha siku nane zilizopita. Kwa ile diski ya zamani ningekuwa salama kabisa.

Nilitamani sakafu inimeze. Mama hakucheka.

"Umekosea," alisema. "Mguu wangu mbaya ni wa kushoto. Wewe unachechemea na wa kulia."

"Nisamehe, Mama."

"Niliuvunja ile mwaka. Nilikuwa nimebeba mguu wa kitanda chako, nikasikia vijana wanakuja, nikaruka mtaro. Sikufika ng'ambo."

Miaka yote hiyo nilijua ni sisi tuliotoka mbali tuliokimbia. Sikujua kwamba yeye, mtu wa hapa hapa, alikimbia watu wa kwao kwa ajili ya kitanda changu. Machozi yalinitoka.

"Usinililie," akasema, na sasa tabasamu likamponyoka. "Simama. Onyesha na wa kushoto."

Nikasimama nikachechemea sebuleni mwake, naye akanirekebisha: bega chini, kiuno nje. Alicheka mpaka akashika kabati.

Uchaguzi ulikuja ukapita, na mashine ikarekodi kuku na nguo zikianikwa. Mama alikataa picha yangu ifutwe. Dada zake walipokuja kutoka Sugoi, chai ilimiminwa, nami nikaitwa niwawekee ile picha. Mmoja wao aliitazama mara mbili, akanigeukia.

"Na mimi," akauliza, "unaweza kuniiga?"