Anwani Iliyoshonwa Kolani

Kwanza niseme ukweli: kosa lilikuwa langu, wala sitafuti wa kumtwika.

Nilipofungua tovuti ya karakana yetu ya kushona majoho ya kwaya, hapa Ediofe mjini Arua, bado nilikuwa navuka mpaka kila wiki kwenda Kongo kununua vitambaa. Kwenye pochi nilikuwa na laini mbili, ya Uganda na ya Kongo, kama wachuuzi wengi wa Arua. Fomu iliponiuliza namba ya simu, nikaandika ile ya Kongo, kwa sababu siku hiyo ndiyo iliyokuwa na salio. Basi, ni hivyo tu. Nilipoacha safari za mpakani nikampa laini hiyo shangazi yangu wa Abuku, kule Koboko, maana binti yake ameolewa ng'ambo ya mpaka, huko Kongo. Nikaisahau.

Mwaka huu kampuni iliyokuwa ikituhifadhia tovuti ikatuandikia kwamba inafunga mwisho wa mwezi, kila mtu ahamishe vitu vyake. Sikubabaika. Nikachagua huduma mpya, ambayo unapanga ukurasa kwa kidole kama unavyopanga vipande vya kitambaa mezani kabla ya kukata. Kwa wiki moja, kati ya mteja na mteja, nikahamisha kila kitu: picha, vipimo, rangi, maneno. Nilifanya mwenyewe, mimi niliyejifunza kompyuta ukubwani! Wenzangu wanne, wawili wao wametoka Sudani Kusini, walikuwa wakiacha vyerehani kuja kuchungulia begani kwangu. Ilipendeza kuliko ile ya zamani, tena kwa mbali.

Ikabaki anwani ya tovuti. Ili anwani yetu ielekezwe kwenye tovuti mpya, ilibidi nithibitishe kwamba ni yangu, na namba ya siri ya kuthibitisha ingetumwa kwa simu. Simu gani? Kwenye kioo zikatokea tarakimu za mwisho za laini ile ya Kongo.

Nilimpigia fundi mmoja wa kompyuta wa Kampala kuomba msaada. Kwa upole wa kuudhi alisema anwani hiyo niihesabu imekufa, nichukue nyingine, ni jambo la dakika tano. Dakika tano! Anwani ile tumeishona. Ndani ya kola ya kila joho lililotoka mikononi mwetu kuna lebo, na juu ya lebo kuna anwani hiyo kwa uzi mwekundu. Kwaya ikitaka majoho mengine haitafuti matangazo, wanageuza kola. Ndiko kazi yetu inakotoka. Anwani ikifa, wanawake wale wanne na watoto wao wale nini? Nikamwambia fundi kwamba yeye hajawahi kufumua hata kola moja maishani mwake, nikakata simu. Hasira zangu zinajulikana mtaa mzima.

Zilibaki siku tatu kampuni ifunge. Kumpigia shangazi hakukuwezekana: laini ile hushika sehemu moja tu ya shamba lake, naye huiwasha Jumapili akitoka kanisani. Basi Jumamosi asubuhi nikapanda gari la Koboko, kisha boda mpaka Abuku. Njia nzima nilikuwa na aibu. Sikuwa nimekanyaga kwake tangu tulipomzika mume wake, na hata siku hiyo niliondoka mapema nikasingizia kazi.

Nikapiga magoti nikamsalimia. Alinipa mkono, akaniletea mihogo na chai, akanisikiliza hadi mwisho. Hakusema nimepotea. Ningependa kama angesema.

Laini ya Kongo hushika juu ya kichuguu, nyuma ya shamba la mihogo. Intaneti yangu ya Uganda, nayo, ilishika uani tu, karibu na ghala. Tukagawana: shangazi kichuguuni na kisimu chake cha vitufe, mimi ghalani na simu yangu, mihogo katikati yetu. Nikabonyeza. Kioo kikasema namba imetumwa, ina dakika kumi. Dakika kumi zikapita, shangazi akatikisa kichwa. Nikabonyeza tena. Kimya. Halafu yakatokea maandishi mekundu: nikikosa mara ya tatu, nitafungiwa kwa siku saba. Siku saba nitazitoa wapi?

Hapo nikafoka. Nililaani mtandao, nikalaani Kongo, nikalaani ile siku niliyojaza fomu. Shangazi akashuka polepole kutoka kichuguuni, akapita katikati ya mihogo, akasimama mbele yangu.

"Wewe unabonyeza tu, unabonyeza tu," alisema. "Hii mtandao haijui wewe. Lazima mutu apige kwanza, asalimie, ndiyo inaamuka. Hata nyumba ya mutu unaingia hivyo?"

Hatukuwa tukizungumza habari za mtandao peke yake. Nikamwomba msamaha pale pale, mbele ya kuku. Akasema basi, yameisha, nibaki pale ghalani na simu yangu.

Akapanda tena kichuguuni, akampigia binti yake. Jamani, salamu! Umelala vipi, watoto wamelala vipi, mguu wa mume wako unaendeleaje, karanga zimeota, mbuzi aliyepotea amepatikana, padre amerudi. Kila swali likajibiwa, kila jibu likazaa swali jingine. Mimi nilikuwa nawaka moto, lakini nikafunga mdomo, jambo ambalo pale karakana hawaliamini mpaka leo. Kisha shangazi akainua mkono. Nikabonyeza mara ya tatu.

Simu ikalia mlio wa ujumbe ikiwa bado sikioni mwake. Akaitazama, akanirushia tarakimu moja moja, kwa sauti ile ile anayouzia karanga sokoni. Nikaziandika zote. Kioo kikazunguka, kikazunguka, kikakubali. Nikapiga vigelegele mpaka jirani akatokea kuuliza nani ameolewa. Kabla ya kuelekeza anwani kokote nikabadilisha namba ya simu, nikaweka ya kwangu ya Uganda. Kisha shangazi akaniita kichuguuni nikamsalimie binamu, nikaanzia na mguu wa mume wake.

Anwani huchukua saa kadhaa kuhama, kwa hiyo nikalala huko. Jumapili asubuhi shangazi akatoka chumbani amevaa joho lake la bluu la kwaya. Nililishona mimi miaka mingi iliyopita. Nikamwambia asimame kidogo pale ghalani, ainamishe shingo. Nikageuza kola. Uzi mwekundu ulikuwa umepauka kwa kufuliwa, lakini ulikuwa unasomeka. Nikaandika herufi moja moja kutoka shingoni mwake, kama mteja asiyetujua.

Ikafunguka. Ile mpya, na picha zote.

Nikampigia mkubwa wa wenzangu. Alikuwa uwanjani mwa kanisa kuu la Ediofe, amevaa joho, anangoja misa pamoja na kwaya yake. Nikamuuliza amelala vipi, watoto wamelala vipi, mama yake anaendeleaje na dawa. Akauliza kwa woga kama kuna mtu amekufa.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Geuza kola ya jirani yako, uandike kwenye simu yako kilicho hapo."

Nikasikia anamwomba mtu ainame. Nikangoja, shangazi ameegemeza sikio lake kwenye simu pamoja nami. Halafu uwanja wote wa kanisa ukapasuka kwa vigelegele, na shangazi akavijibu kutoka Abuku.